Mwenye kasi aliyebaki nyuma: uchambuzi wa siku moja ya mbio za tanga Mikindani

Fundi umeme mmoja wa Mtwara mjini, mtu wa miaka thelathini na kitu, ndiye mwenye kasi kuliko wote wanaocheza ubao wa tanga (windsurfing), ubao wa kusimamia uliofungwa tanga, pwani ya Shangani. Hilo halina ubishi. Jioni upepo wa kusi ukishika, huchomoka ufukweni mpaka akabaki tanga tupu machoni, kisha akageuka na kurudi palepale alipoanzia. Alipojiandikisha kwa mara ya kwanza kwenye siku ya mbio Mikindani, watu walimpa ushindi kabla hajalowa. Raundi ya kwanza hakumaliza. Ya pili akawa wa mwisho. Ya tatu akawa wa nne kati ya sita.

Siku hiyo nilikuwa kwenye boti ya waamuzi, saa ya kuhesabia mkononi, na tumezungumza naye sana tangu hapo. Ameniruhusu nieleze kisa chake bila kumtaja jina, kwa kuwa sote wawili tunaamini yaliyompata yatampata kila mtu atakayetoka kwenye starehe na kuingia kwenye mashindano, na mengi kati ya hayo yanazuilika. Ufukweni zilisikika sababu mbili: ubao wake haufai, au moyo ulimsaliti. Ya kwanza ina ukweli nusu. Ya pili naikataa kabisa.

Mikindani iko kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini. Ni mji mkongwe. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama, na hapo ndipo Livingstone aliposhukia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Walioichagua bandari hii zamani waliipendea kitu kilekile kilichoivutia kamati ya mbio: maji yake yamejificha. Ghuba ya ndani imekumbatiwa na nchi kavu karibu pande zote, mawimbi ya bahari kuu hayafiki, na mgeni akiitazama maji yakiwa yamejaa ataapa kwamba ni ziwa. Kamati nayo iliipanga siku kama mbio za ziwani: maboya, mstari mfupi wa kuanzia, watazamaji chini ya miti. Lakini ziwa halina mlango. Ghuba hii inao, na kila siku maji hutoka kupitia hapo mara mbili na kurudi mara mbili.

Kabla sijafika kwenye maji, niseme juu ya chombo chenyewe. Ubao wa tanga hauna usukani. Hoyle Schweitzer na Jim Drake, Wamarekani waliouombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1968, waliufunga mlingoti kwenye ubao kwa kiungo kinachokunjika pande zote, na mchezo wote ukazaliwa hapo. Ukiulaza mlingoti kuelekea nyuma, ubao unageuza uso kuelekea upepo unakotoka. Ukiulaza mbele, unaukimbia upepo. Mchezaji ndiye kamba, ndiye usukani, ndiye uzito wa kusawazisha. Na chini ya maji kuna pezi, ambalo kazi yake ni kuuzuia ubao usisukumwe kandokando kama jani.

Ubao wa fundi wetu ni mfupi, wenye ujazo wa lita 115, wenye pezi moja tu nyuma. Aliununua kwa mgeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, pamoja na tanga la mita 6 za mraba. Ni ubao mzuri kwa kazi yake. Upepo ukifika noti 12 hivi (noti ni kipimo cha kasi cha mabaharia), huinuka na kuteleza juu ya maji badala ya kuyalima, na hapo ndipo hakuna anayemfikia. Washindani wake watano walikuja na mbao ndefu, mita 3 na nusu na zaidi, zenye pezi la pili katikati linaloshushwa na kupandishwa kwa mguu. Kwa jicho la mtazamaji hizo ni mbao za wanaojifunza. Kwa jicho la mwamuzi, boya la kwanza likiwa upande wa upepo, hizo ndizo mbao za mbio. Hata mbao za Olimpiki zilikuwa hivyo kwa miaka mingi: Mistral, iliyotumika kuanzia michezo ya 1996 hadi ya 2004, na RS:X iliyoirithi, zote zilikuwa na pezi la katikati.

Sasa tufike kwenye kiini. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Nahodha yeyote wa ngalawa anajua hili kabla hajajua kuhesabu: ukitaka kufika huko lazima ubishe, uende upande huu, ugeuze, uende upande ule, ukiupanda upepo kwa hatua. Swali ni kila hatua ina mshazari gani. Siku ile boya la kwanza liliwekwa mita 600 kutoka kwenye mstari, upepo ukitokea hukohuko. Chombo kinachoweza kushika pembe ya nyuzi 45 na upepo kitasafiri mita 850 kulifikia. Kinachoshika nyuzi 60 kitasafiri mita 1,200. Kinachoshika nyuzi 70 kitasafiri zaidi ya mita 1,750. Angalia jinsi hesabu inavyokua: nyuzi 10 za mwisho zinaongeza zaidi ya nusu kilomita.

Raundi ya kwanza ilianza saa nne asubuhi, upepo ukiwa noti 7 au 8. Kwa upepo huo ubao mfupi hauinuki. Unazama kidogo, unatambaa, na pezi lake moja la nyuma, lililotengenezwa kufanya kazi kwa kasi, halina cha kushikilia. Nilikuwa nikimtazama kwa darubini. Uso wa ubao ulielekea vizuri, lakini njia yake halisi juu ya maji ilikuwa ikilalia kando kiasi kwamba nyuzi 70 ni kumpendelea. Wenzake walishusha mapezi yao ya katikati, wakashika kama nyuzi 50, wakaenda taratibu, wakafika.

Na hapa naomba wasomaji wenzangu mnielewe vizuri, kwa maana ndipo hukumu yangu yote ilipo. Miaka yote aliyocheza Shangani, huyu bwana alikuwa akienda na kurudi kwa upepo wa ubavuni. Unatoka, unageuka, unarudi ulipoacha kandambili zako. Huko ndiko kwenye raha, na kasi yote ya ubao mfupi iko huko. Lakini mtu anaweza kufanya hivyo miaka kumi na asiulizwe hata siku moja swali ambalo mbio huanza nalo: je, unaweza kupanda upepo? Ujuzi wake haukuwa mdogo. Ulikuwa wa jambo lingine. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jitahidi zaidi" ni kumdhulumu.

Juu ya hayo yalikuja maji. Yalikuwa yamejaa saa mbili na nusu, yakaanza kupwa, na maji yanayopwa Mikindani hukimbilia mlangoni, kuelekea bahari kuu. Kwa upepo wa siku ile mlango ulikuwa upande wa chini, kule upepo unakoelekea, maana yake kila aliyekuwa akipanda kuelekea boya alikuwa akirudishwa nyuma na bahari yenyewe. Kwenye boti yetu tulidondosha dafu tupu majini na kulipima kwa kamba: mita 15 kwa dakika, ambayo ni kama nusu noti. Inaonekana ndogo. Lakini mwenye ubao mrefu alikuwa akipanda upepo kwa karibu noti 3, nusu ikaondoka, akabaki na mbili na nusu. Fundi alikuwa akipanda kwa noti 1, nusu ikaondoka, akabaki na nusu. Maji yaleyale yalimkata mwenzake sehemu ya sita ya mwendo wake, naye yakamkata nusu nzima. Wenzake walilizunguka boya la kwanza kwa takriban dakika 8. Baada ya nusu saa yeye alikuwa bado hajafika, na boti ya uokoaji ikamvuta kurudi.

Raundi ya pili upepo ulikaribia noti 10, na kosa lilihama. Sasa ubao ulikuwa na nguvu kidogo, lakini kugeuza ndiko kulikomwangusha. Ukiwa unapanda upepo, kugeuza kunakutaka uzunguke mbele ya mlingoti, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, wakati ubao umesimama. Ubao mrefu unakubali hata ukizubaa. Wa lita 115 chini ya mtu mzima aliyelowa unazama omo, yaani mbele, na usipokuwa mwepesi mno uko majini. Alianguka karibu kila alipogeuza, na kila anguko lilikuwa dakika nzima ya kurudishwa na maji. Kwa kuogopa kuanguka akaamua kugeuza mara moja tu, akaenda upande wa kushoto hadi karibu na mikoko, mbali kupita kiasi, na upepo ulipohama akawa amepoteza yote. Vilima vilivyo nyuma ya mji huukatakata upepo wa kusi: unakuja kwa vipande, kila kipande na mwelekeo wake. Upepo ukihama nyuzi 10 tu, na wewe uko mita 100 kando ya mwenzako upande usiofaa, amekupita zaidi ya mita 17 bila kufanya lolote.

Katika raundi hiyohiyo kukatokea jambo la hatari. Alikuwa akipokea upepo kwa ubavu wa kushoto, na mbele yake akaja mwenzake anayeupokea kwa ubavu wa kulia. Sheria ya mashindano ya tanga duniani kote ni moja: anayepokea upepo kwa kulia ana haki ya njia, wa kushoto humpisha. Wakiwa wote wa ubavu mmoja, aliye upande wa upepo humpisha aliye chini yake. Fundi hakupisha kwa sababu hakujua. Matanga yakagongana, wote wawili wakaanguka, mwenzake akatoka na mchubuko wa goti. Akaambiwa afanye mzunguko mmoja kamili kama adhabu, akaufanya bila kunung'unika. Nilikipata baadaye kikaratasi alichopewa asubuhi. Kilikuwa na kiasi cha ada, saa ya chakula, na mahali pa kuegesha magari. Hakuna mstari hata mmoja juu ya nani ampishe nani. Kamati iliyompokea pesa mtu mgeni kwenye mbio na kumwachia aingie majini bila kumwambia hayo haikumtendea haki, wala yule aliyeumia goti. Nimewaambia hivyo kwenye kikao na ninalirudia hapa.

Mchana ngalawa nazo zilikuwa na mbio zao. Zilipomalizika, nahodha mmoja mtu mzima wa Mikindani alikuja kukaa kivulini karibu na fundi, aliyekuwa akikamua fulana yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unautazama upepo kwenye tanga lako? Ukifika hapo umeshapita. Utazame kwenye maji."

Akamwonyesha palipokuwa na giza juu ya maji, pale upepo unaposhuka kati ya vilima viwili, na palipong'aa, ambapo hakuna kitu. Akamwambia pia habari ya kupwa na kujaa, kwa namna ambayo sisi wa boti ya waamuzi na dafu letu tulikuwa hatujamfikia: maji yakiwa kinyume chako, pita pembeni kwenye kina kifupi, huko mkondo ni mlegevu, yakiwa upande wako, kaa katikati, kwenye mfereji, yakubebe. Na la tatu lilikuwa juu ya kugeuza. Kwenye ngalawa, kugeuza ni kazi nzito. Foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake lazima vihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na chombo kinapoteza mwendo. Kwa hiyo nahodha hugeuza mara chache, lakini kila mara ameshaamua wapi na kwa nini kabla mkono haujagusa kamba. "Wewe unageuza ukichoka," alimwambia. "Mimi nageuza upepo ukinikataa."

Nimehudhuria mafunzo ya makocha wa tanga, na sikumbuki kusikia jambo hilo likisemwa vizuri zaidi. Upepo ukihama ukakulazimisha uelekee mbali na boya, umekukataa, geuza. Ukihama ukakuruhusu uelekee karibu zaidi na boya, endelea. Ndiyo elimu yote ya kupanda upepo kwenye maji yaliyozungukwa na vilima, na ilikuwa imekaa pale kivulini, bure, umbali wa hatua chache na meza ya kujiandikisha.

Raundi ya tatu ilianza saa tisa na nusu. Upepo ulikuwa umefika noti 15, maji yalikuwa yameanza kujaa, na vyote viwili sasa vilikuwa vyake. Lakini kilichonivutia ni jinsi alivyoanza. Katika raundi mbili za mwanzo alisimama nyuma sana ya mstari kwa kuogopa msongamano, na honi ilipolia akavuka kwa kuchelewa, akivuta upepo uliokwisha kuvurugwa na matanga matano ya mbele yake. Utaratibu wa kuanza unajulikana: ishara ya dakika 5, ya dakika 4, ya dakika 1, kisha mbio. Mwenye ubao mrefu anaweza kunyemelea mstari polepole. Wa ubao mfupi hawezi kusubiri palepale, akisimama anazama. Safari hii alitumia ishara ya dakika 4 kupima: alitoka kwenye mstari hadi mahali alipopachagua kwa kulinganisha mbuyu wa ufukweni na ncha ya mikoko, akahesabu sekunde za kurudi. Kwenye dakika ya mwisho akaanzia palepale, akaja kwa kasi, akavuka sekunde 3 baada ya honi, kwenye ncha ya mstari ambako hapakuwa na mtu.

Aligeuza mara mbili tu kufika boya la kwanza, akipita katikati ya mfereji. Alilizunguka akiwa wa tano. Kisha ikaja sehemu ya upepo wa ubavuni, na Mtwara nzima iliyokuja kumwona ikaona ilichokuja kukiona: alimpita mmoja kana kwamba mwenzake amefungwa nanga. Akashikilia nafasi ya nne hadi mwisho. Kwa hesabu ya alama, ambapo wa kwanza hupata 1, wa pili 2, na asiyemaliza hupewa idadi ya washiriki na kuongezwa 1, alipata 7, 6 na 4, jumla 17. Mshindi alikuwa na 4. Kwenye karatasi bado ni wa mwisho, na karatasi haionyeshi kwamba kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mtu huyu alijifunza kuanza, kusoma maji na kugeuza kwa sababu.

Tumekubaliana afanye nini. Hatauza ubao wake mfupi, na ningemzuia kama angetaka. Atakuwa akiazima ubao mrefu wa mmoja wa wale watano, aliyejitolea mwenyewe, na wiki zijazo mazoezi yake hayatakuwa tena ya kwenda na kurudi. Ataweka boya moja upande wa upepo pale Shangani na kulipanda, siku za upepo hafifu hasa, kwa kuwa upepo mkali humficha mtu udhaifu wake. Kugeuza atakuzoea kwenye maji ya kiunoni, ambako kuanguka hakumpotezei chochote.

Kwa upande wa kamati, nilipeleka mambo matatu. La kwanza, kila anayejiandikisha aelezwe sheria za kupishana, kwa mdomo, ufukweni, akichorewa mchangani. Hili wamelikubali. La pili, pawe pia na raundi ya aina nyingine, ya maboya mawili kwa upepo wa ubavuni, ili wa mbao fupi wawe na mahali pao bila kulazimika kununua chombo kipya ndipo wakaribishwe. Nalo wamelikubali, na nahodha yule wa ngalawa ameombwa awe wa kuamua maboya yawekwe wapi na saa ngapi kufuatana na maji. La tatu ni boti ya uokoaji. Siku ile ilikuwa moja, kwa mbao sita na ngalawa, na muda wote ilipokuwa ikimvuta fundi kutoka raundi ya kwanza hapakuwa na mwingine wa kumwangalia yeyote. Maji yalikuwa yakipwa kuelekea bahari kuu. Wamejibu kwamba fedha za mafuta ya boti ya pili bado zinatafutwa. Nimewajulisha kwa maandishi kwamba mpaka boti hiyo iwepo majini, na mtu aliyevaa jaketi la kuokolea ndani yake, mimi sitapuliza honi ya kuanza.